Tathmini ya Kisaikolojia kwa Watoto na Vijana wa Vijijini: Somo kutoka Msowero, Kilosa

Mvulana wa miaka tisa analetwa zahanati na mama yake. Mama ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyoandikwa na mwalimu wa darasa la pili: mtoto yumo darasa hilo kwa mwaka wa tatu, haelewi anapofundishwa, huzubaa, na wakati mwingine huwapiga wenzake bila sababu; tafadhali apimwe akili. Kabla ya siku hiyo mama amekwisha kuambiwa mengi. Jirani amesema mtoto amerogwa. Bibi amesema amerithi ukimya wa babu yake. Baba amesema haoni faida ya kununua sare nyingine kwa mtoto asiyesoma. Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo, lakini hakuna mhudumu wa afya katika kata ya Msowero, wala katika kata nyingine yoyote ya Wilaya ya Kilosa, atakayekiona kigeni.

Mhudumu huyo hana mwanasaikolojia jirani naye. Hana sanduku la vipimo vilivyonunuliwa ng'ambo, na hata angekuwa nalo, asingekuwa na mafunzo ya kulitumia. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi inayoitwa tathmini ya kisaikolojia inaweza kuanza mikononi mwake, na ikianza vibaya hapo, mtaalamu wa hospitali ya rufaa atapata shida kuirekebisha.

Jambo la kwanza ni lugha ya mwaliko. Neno "akili" katika Kiswahili limebeba mizigo mingi: ni uwezo wa kujifunza, ni busara na adabu, na ndilo neno lililomo katika "mgonjwa wa akili". Mzazi akiambiwa mtoto wake "anapimwa akili", aghalabu husikia kwamba mwanawe anadhaniwa kuwa kichaa. Ni afadhali kumwambia hivi: "Mama, tunataka kujua mwanao anajifunzaje, anajisikiaje, na kitu gani kinamzuia." Sentensi hiyo ndiyo maana halisi ya tathmini. Si mtihani wa kufaulu au kushindwa. Ni ukusanyaji wa habari kutoka pande kadhaa, yaani mtoto, mlezi, mwalimu, mwili wa mtoto na vipimo, hadi habari hizo zikubaliane, au hadi ijulikane kwa nini hazikubaliani.

Pili ni kutofautisha uchunguzi wa awali na tathmini kamili. Uchunguzi wa awali huuliza: je, mtoto huyu anahitaji kuangaliwa zaidi? Huweza kufanywa na muuguzi, tabibu, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa. Tathmini kamili huuliza: tatizo ni lipi, lina ukubwa gani, na lifanyiwe nini? Hiyo ni kazi ya mtaalamu. Makosa mengi huzaliwa pale matokeo ya hatua ya kwanza yanapotangazwa kana kwamba ni ya hatua ya pili.

Msowero iko kando ya barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini, mkoani Morogoro. Ni nchi ya mpunga na mahindi, na ni nchi ya mifugo pia. Wapo Wakaguru na Wasagara, wapo wafugaji wa Kimaasai, na wapo wengi waliohamia kutoka mikoa mingine. Kwa mtathmini, habari hizi si mapambo. Mtoto aliyelelewa kwa Kimaasai au Kikaguru na kuingia darasa la kwanza akiwa na Kiswahili cha kuokoteza, akiulizwa maswali kwa Kiswahili, atakuwa amepimwa Kiswahili chake. Alama ndogo atakayopata haitasema lolote la uhakika kuhusu uwezo wake wa kufikiri. Kwa hiyo mhudumu aulize mapema: nyumbani mnazungumza lugha gani, na mtoto huota au hugombana na wenzake kwa lugha gani? Swali la kugombana huwachekesha wazazi, lakini jibu lake ni la kweli kuliko lile la kwanza.

Umri nao ni kikwazo ambacho vitabu vya ng'ambo havikifikirii. Vipimo karibu vyote humlinganisha mtoto na wenzake wa umri uleule. Kosa la mwaka mmoja laweza kumfanya mtoto wa kawaida aonekane amechelewa. Pasipo kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, tukio linalojulikana na wote husaidia. Mafuriko makubwa ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ni alama ambayo familia nyingi za wilaya hii bado hupimia miaka: alizaliwa kabla ya mafuriko, alikuwa anatambaa wakati wa mafuriko. Bibi ndiye hazina ya kumbukumbu hizo. Aamkiwe vizuri, apewe kiti, asiharakishwe.

Turudi kwa mvulana wetu. Kabla ya kipimo chochote cha fikra, mwili huchunguzwa, nao huanza na masikio. Mama anapoulizwa kama mtoto amewahi kutokwa na usaha sikioni, anajibu bila kusita kwamba hutokwa kila msimu wa mvua, tangu akiwa mdogo. Hakuona sababu ya kulitaja, kwa kuwa aliitwa kwa habari ya akili, si ya masikio. Mhudumu anaweza kujaribu usikivu bila mashine. Husimama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, ili mtoto asisome midomo. Hulifunika sikio moja na kulisuguasugua taratibu kwa kidole, kisha hunong'ona maneno mepesi ya lugha ya nyumbani, kama kuku, maji, ndizi, na mtoto huyarudia. Halafu sikio la pili. Mtoto anayeshindwa kurudia anatakiwa kwenda kupimwa kwa vifaa, na usaha hutibiwa bila kungoja jambo jingine. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana hatii, huonekana mzito, na huwapiga wenzake kwa sababu hasikii maneno ya mchezo yaliyotangulia ugomvi.

Macho hufuata, kwa chati ya herufi E inayotundikwa mita sita kutoka kwa mtoto, naye huonyesha kwa vidole vyake upande ambao miguu ya herufi imeelekea. Hahitaji kujua kusoma.

Kisha kuzubaa. Neno hili la walimu lisipite bila kuulizwa, kwa maana ndani yake huweza kujificha kifafa cha aina isiyoangusha mtu. Mtoto hukatika ghafla kwa sekunde chache, macho yakitazama mahali pamoja, kope zikipepesa, kisha huendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Akiitwa au akiguswa wakati huo haitikii. Mtoto anayeota ndoto za mchana, kinyume chake, hushtuka akiguswa. Tofauti hiyo ndogo mwalimu anaweza kuichunguza darasani kwa wiki moja na kuiandika. Tabibu aliyefundishwa huweza pia kumwomba mtoto avute na kutoa pumzi nyingi kwa dakika tatu huku akimtazama, kwa kuwa hali hiyo mara nyingi huchochea kuzubaa kwa kifafa. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwa mtoto mwenye selimundu, wala mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Kifafa kina dawa, na watoto wengi wa aina hii husoma vizuri wakitibiwa.

Historia ya magonjwa yaliyopita nayo ina uzito. Utafiti uliofanywa Kampala, kwa watoto waliotibiwa malaria ya ubongo katika Hospitali ya Mulago na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba miaka miwili baadaye takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa kiakili, hasa katika umakini. Katika mkoa kama Morogoro, ambako malaria ni mgeni wa kila mwaka, mtoto aliyewahi kulazwa kwa degedege na kupoteza fahamu anastahili kufuatiliwa anapoanza shule, hata kama alitoka wodini akitembea mwenyewe. Aidha yaulizwe mambo ya uzazi: je, alilia alipozaliwa? Alikaa, alitembea na alisema lini? Na maswali madogo ya nyumbani: analala saa ngapi, anakula nini kabla ya kwenda shule, anatembea umbali gani? Mtoto aliyeamka alfajiri kufukuza ndege kwenye mpunga hawezi kuwa makini saa tano mchana.

Baada ya hayo ndipo vipimo vya kujifunza na kufikiri vinapata nafasi yao, na hapo pana historia ya kujifunza kutoka kwayo. Mwaka 1905, huko Ufaransa, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha kwanza cha aina yake ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Kusudi lao lilikuwa msaada. Baadaye, katika nchi nyingine, vipimo vilivyotokana na kazi yao viligeuzwa kuwa namba ya kudumu inayobandikwa mtu maishani, jambo ambalo Binet mwenyewe alilipinga. Tena vilivukishwa bahari na kutumiwa kwa watoto ambao hawajawahi kushika penseli, na walipopata alama ndogo, lawama ziliwaangukia watoto.

Mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi nchini Zambia, alilijibu jambo hilo kwa jaribio rahisi lililochapishwa mwaka 1979. Watoto wa Zambia na wa Uingereza walitakiwa kuiga maumbo kwa njia tofauti. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliwazidi wenzao. Kwa waya, Wazambia ndio waliowazidi. Kwa udongo, walilingana. Atakayemwona mtoto wa Msowero akitengeneza gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu ataelewa mara moja. Uwezo ni uleule. Kinachobadilika ni kitu ambacho mikono imezoea.

Karibu zaidi nasi, mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, walichapisha utafiti wa wanafunzi wa shule za maeneo ya Bagamoyo. Hawakuwapima watoto mara moja na kuondoka. Waliwapima, wakawafundisha kwa muda mfupi, usiozidi saa moja, namna ya kushughulikia maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda. La maana zaidi, aliyekuwa juu mara ya kwanza hakuwa lazima awe juu mara ya pili. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimeonyesha nani amezoea maswali ya namna ile. Kile kilichofuata mafunzo kilionyesha nani anajifunza.

Njia ya Bagamoyo yaweza kufuatwa katika zahanati bila gharama. Mhudumu hupanga mbegu za mahindi na maharage kwa mpangilio, mbili kwa moja, mbili kwa moja, na kumwomba mtoto aendeleze. Akishindwa, asiandike "ameshindwa". Amfundishe kwa utulivu kwa lugha anayoielewa, kisha ampe mpangilio mwingine unaofanana na ule. Kilichotokea kati ya jaribio la kwanza na la pili ndicho kiandikwe katika barua ya rufaa. Hili si kipimo rasmi na halitoi namba. Lakini sentensi "alishindwa, akafundishwa mara moja, akaweza" humsaidia mtaalamu anayesoma kuliko neno "mzito".

Kwa watoto wadogo vipo vipimo vilivyotungwa katika mazingira yetu. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitunga kipimo cha makuzi kwa watoto chini ya miaka mitatu, wakitumia vitu na michezo inayojulikana na wenyeji. Malawi nayo ina kipimo chake, kilichochapishwa mwaka 2010. Pia yapo yale yajulikanayo kama Maswali Kumi, yanayoulizwa kwa mlezi wa mtoto wa miaka 2 hadi 9, ambayo yalitumika Kilifi kuchunguza maelfu ya watoto nyumba kwa nyumba. Yanafaa kugundua ulemavu mkubwa au wa kati wa akili na wa viungo. Kwa usikivu na uoni ni dhaifu, ndiyo maana masikio na macho yatazamwe moja kwa moja kama ilivyoelezwa.

Kwa hisia na tabia, hojaji inayotumika sana duniani ni ile iliyotungwa na Robert Goodman wa London mwaka 1997, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Ina vipengele 25 katika mafungu matano: hisia, mwenendo, utulivu na umakini, uhusiano na wenzake, na moyo wa kusaidia wengine. Hujazwa na mzazi au mwalimu, na kijana wa miaka 11 na zaidi huweza kujijazia. Kila kipengele hupewa 0, 1 au 2. Mafungu manne ya kwanza hujumlishwa, na la tano husimama peke yake. Vipo vipengele vinavyohesabiwa kinyume, na mhudumu asiyelijua hilo hutoa jumla isiyo na maana. Tena mipaka ya alama iliwekwa kwa kutazama watoto wa Uingereza, ili takriban mmoja kati ya kumi aangukie katika kundi la juu. Kuichukua mipaka hiyo na kuwatangaza watoto wa Kilosa kuwa wagonjwa au wazima ni kosa. Thamani ya hojaji iko katika mazungumzo inayoyafungua, na katika kuijaza tena baada ya miezi kadhaa ili kuona kama mtoto anapata nafuu.

Hojaji hizi zina udhaifu mwingine unaogusa malezi yetu. Mtoto mkorofi huonekana upesi. Mtoto mnyamavu husifiwa. Msichana asiyecheza, asiyeuliza, anayefanya kila anachoagizwa, huitwa mtoto mwenye adabu, na huenda ana sonona. Mwalimu akileta majina ya watoto watano wasumbufu, mhudumu amwombe pia jina la mmoja ambaye hakuna anayemzungumzia.

Hapo ndipo suala la vijana linapoingia, na hatari yake ni ya haraka zaidi. Msichana wa miaka kumi na sita analalamika maumivu ya kichwa na tumbo yasiyoisha. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mkojo hauna tatizo, na hii ni mara yake ya nne kuja. Akiulizwa, husema ana "mawazo". Neno hilo lisichukuliwe kuwa ni fikra za kawaida. Katika Kiswahili cha kila siku, "nina mawazo" ndiyo njia ya heshima ya kusema moyo umelemewa. Kijana azungumze na mhudumu bila mama, shangazi wala mume kuwepo, baada ya mzazi kuelezwa kwa upole kwamba kila kijana hupewa nafasi hiyo. Kama lugha inahitaji mkalimani, asiwe ndugu wala jirani. Kijana aelezwe tangu mwanzo kwamba atakayoyasema ni siri, isipokuwa kama maisha yake au ya mwingine yako hatarini, au kama kuna mtu anayemdhuru. Ahadi ya siri isiyo na mipaka haiwezi kutimizwa, na vijana hawasahau ahadi iliyovunjwa.

Hojaji ya maswali tisa ya sonona, PHQ-9, inayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita, ina tafsiri ya Kiswahili na imefanyiwa utafiti Afrika Mashariki. Swali lake la tisa linahusu fikra za kufa au kujidhuru. Wapo wahudumu wanaoliruka kwa hofu ya kumpandikizia kijana fikra hizo. Tafiti hazikuthibitisha hofu hiyo. Kuulizwa kwa utulivu humpunguzia mtu mzigo. Jibu lolote lisilo "hapana" hufuatwa na maswali zaidi siku hiyohiyo, bila kutazama jumla ya alama: je, amepanga lolote, ana kitu cha kujidhuru karibu, nani yuko naye usiku wa leo? Kijana aliye hatarini asiachwe peke yake, viuatilifu vya shambani na dawa vifungiwe, na rufaa ifanyike bila kungoja siku ya kliniki.

Mara nyingi nyuma ya mawazo kuna jambo lenye jina: kipigo, kubakwa, ndoa ya mapema, mimba. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa mimba anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa shule, na ni vema mhudumu alijue hilo, kwani kwa baadhi yao habari hiyo peke yake hubadilisha mazungumzo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuanzia, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo. Wilaya hii pia imebeba majeraha ya pamoja. Mauaji ya wakulima 38 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni mnamo Desemba 2000 na migogoro ya ardhi iliyofuata imeacha familia, za wakulima na za wafugaji, zenye hofu ambazo watoto wamezirithi bila kusimuliwa. Mtathmini asiulize nani alianza. Aulize mtoto analala vipi, na anaogopa njia ipi anapokwenda shule.

Barua ya rufaa ndiyo mahali tathmini nyingi hufia. "Mtoto ana tatizo la akili, tafadhali msaidieni" haimfai mtu. Barua iseme lugha ya nyumbani, umri na namna ulivyojulikana, matokeo ya masikio na macho, habari za degedege, maneno ya mwalimu kama alivyoyasema, kile mtoto anachokiweza vizuri, na swali moja linalotakiwa kujibiwa. Mkoa wa Morogoro una urithi katika jambo hili: katika miaka ya 1980 ulikuwa, pamoja na Kilimanjaro, mkoa wa majaribio wa mpango wa taifa wa afya ya akili uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ambao wazo lake kuu lilikuwa kwamba huduma hii ianzie kwenye zahanati badala ya kungoja Mirembe.

Mzazi naye apewe majibu kwa maneno, si kwa namba. Kwa mama wa yule mvulana, mazungumzo yalikuwa hivi: "Mama, mwanao ana tatizo la masikio. Sikio la kushoto halisikii vizuri, na la kulia linasikia kiasi. Nilipomfundisha kupanga mbegu, alielewa mara moja. Atakwenda hospitali ya wilaya kupimwa kwa mashine, na kabla ya hapo tuanze kuyatibu haya masikio." Mama akauliza kama basi hakurogwa. Mhudumu hakubishana na jirani asiyekuwepo. Alimwonyesha namna ya kukausha sikio kwa kipande cha kitambaa safi kilichosokotwa, akampa tarehe ya kurudi, kisha akaandika upande wa pili wa ile karatasi ya mwalimu: "Akae dawati la mbele, upande ambao sikio la kulia litamwelekea mwalimu. Aitwe kwa jina kabla ya kuulizwa. Tuandikieni baada ya mwezi mmoja."